Sentimita Mbili na Nusu

Kifungo kilikataa. Bi Pindo alikivuta kwa ncha za vidole kuelekea kwenye tundu lake, akakilegeza, akakivuta tena, na kila mara ukanda wa mkono wa gauni uliishia njiani, ukiacha ngozi ya mkamwana wake ikichungulia katikati, imejaa na inang'aa. Wiki tatu nyuma ukanda huo ulifunga na kuacha nafasi ya kidole. Alhamisi iliyopita ulibana, akaufumua kidogo, ukafunga. Leo, Alhamisi nyingine, wanawake wawili walisimama mbele ya kioo kirefu cha chumba cha kushonea, mmoja ana pini tatu mdomoni, mwingine ana mimba ya miezi minane, wakiutazama mkono huo kana kwamba umeachwa pale na mteja.

“Kitambaa kimerudi,” Bi Pindo alisema, pini zikiwa bado mdomoni.

“Tena?”

“Pamba za siku hizi, mwanangu. Ukiipitishia pasi tu, inajikunyata. Vua nikufumulie. Dakika kumi.”

Mkamwana alivua. Alisema kichwa kinamgonga kidogo, bila shaka ni ile mitihani ya wanafunzi aliyoisahihisha tangu asubuhi, akaenda kujinyoosha chumba cha pili. Aliondoka akiburuta ndara za mumewe, maana viatu vyake mwenyewe alikwisha kuagana navyo.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa katika miaka thelathini na moja ya kazi yake hakuna aliyewahi kurudi akilalamika kwamba pindo limefumuka. Lakini tuseme kweli, kilichowarudisha wateja hakikuwa pindo peke yake. Kilikuwa ulimi wake. Katika chumba kile hapakuwa na mwanamke aliyenenepa. Palikuwa na vitambaa vilivyorudi, pasi zilizozidi moto, na nyuzi zilizokaza kwa sababu ya baridi. Kila gauni alilolishona liliachiwa akiba ya vidole viwili ndani ya mshono, imekunjwa na kufichwa, ili siku mwenyewe akija amejaa, fundi afumue kimya kimya na kumrudishia nguo inayomkaa na heshima yake nzima. Mwenzake mmoja wa zamani aliwahi kumwambia kwamba huko ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Bi Pindo alimjibu kwamba yeye hajawahi kumwona mtu akilia kwa kupakwa mafuta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa mkamwana wake alikuwa na sababu ya ziada ya kuchunga mdomo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, naye Bi Pindo akafuata mkumbo. Alifundisha hesabu, hakupenda kubembelezwa, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Bi Pindo alimpokea mlangoni kwa kusema, “Mbona umekonda hivyo, mwanangu, hamli huko?” Alisema kwa mapenzi. Binti alikwenda chumbani akalia, na baadaye mwanawe, ambaye hajawahi kumpandishia sauti tangu azaliwe, alimjia juu: mke wake ametoka kupoteza mimba, na neno la kwanza analopokelewa nalo ni la mwili wake? Bi Pindo hakuwa na habari. Siku ile alikula kiapo kwamba mwili wa binti yule hatautia mdomoni tena. Wakaishi vizuri miaka mitatu, kwa adabu, wakizungumzia vitambaa.

Na sasa binti alikuwa amehamia kwake kwa miezi ya mwisho, kwa kuwa mwanawe alikuwa fundi wa nguzo za umeme, wiki mbili porini, wiki moja nyumbani. Jumamosi Mwalimu alikuwa akabidhiwe nafasi ya msaidizi wa mwalimu mkuu mbele ya wazazi wa wanafunzi. Gauni lilikuwa la siku hiyo, la rangi ya zambarau, na Bi Pindo alikuwa amelitia moyo wake wote. Yale asiyoweza kuyasema aliyashona.

Alikaa kwenye kiti chake, akachukua wembe, akaanza kufumua. Uzi ulitoka vizuri. Alipofika mwisho wa mshono alisita, kwa sababu ile akiba ya vidole viwili ilikuwa inakaribia kwisha. Alhamisi iliyopita alikuwa ametumia nusu yake, na nusu iliyobaki isingetosha. Hilo halikuwahi kumtokea kwenye mkono. Kiunoni ndiyo, kifuani ndiyo, lakini kwenye kifundo cha mkono, sehemu ambayo kwa mtu mzima haiendi popote hadi anazeeka?

Alifungua daftari la vipimo. Wiki tatu zilizopita: kifundo cha mkono, kumi na tano na nusu. Alhamisi iliyopita: kumi na sita na nusu. Tepu ilikuwa shingoni mwake kama kawaida, na dakika chache nyuma, huku akisema habari za pamba na pasi, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuipitisha na macho yake yamekwisha kuona namba, akaipuuza. Ilikuwa kumi na nane.

Hapo ndipo lilipomjia gauni la kijani. Ilikuwa mwaka wa tisa au wa kumi wa kazi yake. Mteja alikuwa mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, mimba yake ya kwanza. Alimfumulia mikono mara mbili ndani ya mwezi mmoja, akamwambia kitambaa kimerudi, wakacheka wote. Gauni halikuchukuliwa. Lilining'inia msumarini miezi mitatu hadi wifi yake alipokuja kulifuata, akasema degedege lilimkuta siku ya uchungu, wakaondoka wote wawili, mama na mtoto. Bi Pindo alilia, akalikunja gauni vizuri, akampa. Katika miaka yote iliyofuata hakuwahi kukiweka kifo kile pamoja na ile mikono aliyoifumua. Sasa vilikuja pamoja.

Alisimama, wembe ukaanguka, hakuuokota. Kati yake na chumba cha pili palikuwa na pazia tu, lakini alisimama mbele ya pazia hilo kwa muda ambao baadaye aliuonea haya. Akisema na ikawa si kitu, miaka mitatu ya adabu ingekwenda na maji. Asiposema, hakutaka hata kuimalizia fikra hiyo. Alipiga moyo konde, akalisogeza pazia.

“Mwanangu, amka. Nina neno.”

Mwalimu alifumbua macho. Karatasi za mitihani zilikuwa zimetawanyika kitandani. “Gauni limekwisha?”

“Halijaisha. Kitambaa hakikurudi.”

“Sijaelewa, Mama.”

“Nilikudanganya. Wiki iliyopita nilikudanganya, na leo nimekudanganya. Kitambaa ni kile kile. Mkono wako ndio umevimba. Na uso pia, tangu juzi naona, nanyamaza.”

Mwalimu alijiinua, akamtazama kama alivyomtazama mwaka ule, mlangoni.

“Nina mimba,” Mwalimu alisema taratibu. “Watu wenye mimba huvimba. Au na hili nalo ni kosa langu?”

“Si kosa.”

“Basi tusianze, Mama. Tafadhali. Kliniki nakwenda Jumanne.”

“Jumanne ni mbali.”

“Jumamosi nina wazazi mia mbili wananisubiri!”

“Najua.”

“Na kichwa kinaniuma, na nilikuwa nimelala.”

Siku nyingine yoyote Bi Pindo angerudi nyuma, aombe radhi, apike chai. Safari hii alikaa pembeni mwa kitanda bila kukaribishwa, akamwekea daftari mapajani, wazi, kidole kikiwa kwenye mstari.

“Mimi kueleza sijui,” alisema. “Soma mwenyewe. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu.”

Mwalimu aliangalia kwa hasira, kisha akaangalia kwa makini. Aliuliza hii ni tarehe ngapi, akaambiwa. Aliuliza na hii, akaambiwa. Akanyoosha mkono wa kushoto, na Bi Pindo akaizungusha tepu, akamwachia asome mwenyewe.

“Kumi na nane,” alisoma. Midomo yake ilicheza kidogo, kama inavyocheza ya mtu anayekokotoa. “Wiki mbili za kwanza, sentimita moja. Hii wiki moja tu, moja na nusu. Inaongeza mwendo.” Akainua macho. “Na tumbo?”

“Tumbo limekwenda kama linavyotakiwa. Nyonga hazijabadilika. Mtu hanenepi vifundo vya mikono peke yake, mwanangu. Nimepima watu maisha yangu yote.”

Mwalimu alilifunga daftari. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni pake kilimfanya aonekane binti mdogo.

“Mama, hizi karatasi zina vitone vyeusi. Asubuhi nzima navifuta kwa kidole. Nimesema mashine ya kuchapia imeharibika.”

Bi Pindo aliokota karatasi ya juu, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Ilikuwa na mwandiko wa mwanafunzi tu, bila kitone hata kimoja. Aliokota ya pili, nayo vilevile.

“Vaa ndara,” alisema. “Tunakwenda sasa hivi.”

Mkunga aliyewapokea hospitalini alikuwa mfupi, mnene, amechomeka kalamu kwenye nywele na anazungumza polepole kama mtu aliye likizo. Alimfunga Mwalimu kile kitambaa cha kupimia presha, akajaza upepo, akasikiliza, akajaza tena. “Mia na sabini na mbili,” alisema, “kwa mia na kumi na nne.” Alichovya kijiti kwenye kichupa cha mkojo, akakitazama kikibadilika rangi. Kisha alichungulia koridoni na kuita mara moja tu, bila kupandisha sauti, na watu watatu wakaja mbio. Bi Pindo, ambaye alikuwa ameanza kutulizwa na upole ule, aliona mbio zile, akasogea ukutani kuwapisha.

Sindano zilikwenda haraka, moja ya kushusha presha, nyingine ya kuzuia degedege, ya tatu ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mwalimu alilalamika kwamba mwili wote umewaka moto, na mkunga akamwambia dawa ndivyo ilivyo, si yeye. Walipomwingiza kwenye chumba cha uangalizi, daktari alimkuta Bi Pindo koridoni, amelikumbatia daftari. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe, sauti imemkauka kwa kazi. Alikaa naye kwenye benchi. Kitendo hicho cha kukaa, Bi Pindo alikishukuru kabla hajaambiwa neno.

“Kifafa cha mimba kinamnyemelea, Mama, ila hakijamfika. Umewahi kukisikia?”

“Nimewahi kukiona. Sikukijua.”

Daktari alieleza. Alisema mambo yalianza zamani, kabla tumbo halijaonekana, pale kondo la nyuma lilipokuwa likijishikiza kwenye mji wa mimba. Mishipa inayolipelekea damu ilipaswa kupanuka, na kwa baadhi ya wanawake haipanuki vya kutosha, hakuna anayejua hasa kwa nini. Kondo likikosa damu ya kutosha hulalamika. Humwaga vitu kwenye damu ya mama. Kinga ya mwili nayo huamka, hupigana na adui asiyekuwepo, na mishipa ya mwili mzima hupata mchomo, ndani kwa ndani, bila mtu kuona kidonda.

“Sasa mshipa, Mama, ndani yake una utando mwembamba sana. Ukiwa mzima, mshipa unalegea, damu inapita bila taabu, maji yanabaki yanapotakiwa kubaki. Ukikasirishwa utando ule, mshipa unakaza, presha inapanda, maji yanavuja kwenda kwenye nyama. Ndiyo huko kuvimba. Figo nazo zinaanza kuvujisha. Na kichwa, na macho…”

“Bitana,” alisema Bi Pindo.

“Unasemaje, Mama?”

“Unayoyasema ni mambo ya bitana. Koti kwa nje zima kabisa, unalisifia. Ndani bitana imechanika, na koti lote linakaa vibaya, linavuta huku, linatuna kule. Mtu asiyejua atalaumu koti.”

Daktari alimtazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. “Nimesoma miaka mingi kujifunza kueleza hivyo,” alisema. “Ndiyo. Bitana ya mishipa yote kwa pamoja.”

“Inashonwa?”

“Inajishona yenyewe, kondo likitoka. Dawa ya kweli ni kuzaa, na hata baada ya kuzaa tutamchunga siku kadhaa. Lakini mtoto ana wiki thelathini na tatu. Nikipata siku mbili za kumkomazia mapafu nitashukuru. Mama akizidiwa, sitazisubiri.”

“Alikula nini kibaya? Au ni zile kazi za shule?”

“Hakula kitu. Hakufanya kitu. Wala wewe.”

Lakini Bi Pindo alijua alilolifanya. Daktari alipoondoka, alimfuata mkunga kwenye meza yake ya dawa na akamwaga mtama wote: ukanda wa mkono, pamba, pasi, kufumua mara ya kwanza na kufumua mara ya pili, na gauni la kijani la miaka ile. Alisema hajui ni wangapi wengine. Mkunga aliendelea kuhesabu vidonge hadi akafika mwisho, kisha akageuka.

“Lete hilo daftari.”

Alilisoma mstari kwa mstari, akachomoa kalamu kwenye nywele, akanakili namba tatu kwenye faili la mgonjwa.

“Mimi mama namuona mara moja kwa mwezi,” alisema. “Namuuliza, umevimba? Ananiambia hapana, nipo sawa, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui alikuwa na ngapi. Wengi nawapokea wameshaanguka, wanaletwa wamebebwa. Huyu wako ameingia kwa miguu yake, kwa ndara, ananibishia. Unajua furaha ya kubishiwa na mgonjwa?” Akamrudishia daftari. “Yule wa kijani siwezi kukusaidia, Bibi. Huyu bado tunaye.”

Bi Pindo aliondoka pale akilia, lakini si kilio alichokuja nacho.

Ijumaa walimruhusu kuingia kwa nusu saa. Mwalimu alikuwa amelala kwa upande, mipira miwili ya dripu mkononi, mapazia yamefungwa ili mwanga usimsumbue. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa mistari.

“Niambie ukweli, Mama. Naonekanaje?”

Miaka thelathini na moja ya ustadi ilimjia Bi Pindo kwenye ncha ya ulimi. Aliimeza.

“Kama mtu aliyeingia kwenye mzinga wa nyuki akasahau kutoka.”

Mwalimu alianza kucheka, akashika tumbo, na mkunga kutoka upande wa pili akasema hapa si mahali pa vichekesho, presha inasoma kila kitu. Wakanyamaza kama wanafunzi waliokamatwa. Baada ya muda Mwalimu akasema, “Mwaka ule nilikuchukia.”

“Najua.”

“Ulikuwa umeniona kweli, kwamba nimekonda. Kila mtu alikuwa ananiambia nimependeza. Nilikuchukia kwa sababu wewe uliona.”

Bi Pindo aliinuka. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akamfuta paji la uso, shingo, nyuma ya masikio, polepole, kama alivyomfutia mwanawe zamani akiwa na homa. Alijiona mjinga na mwenye bahati kwa wakati mmoja. Miaka mitatu alikuwa akimhifadhi binti huyu kwa kutomwona, kumbe binti alikuwa pale pale akisubiri kuonwa.

Siku mbili hazikutimia. Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ambayo Mwalimu angekuwa anapanda jukwaani mbele ya wazazi mia mbili, majibu ya damu yalirudi mabaya. Ini limeanza kulalamika, daktari alisema, na chembe za kugandisha damu zinashuka. Wanakwenda chumba cha upasuaji. Bi Pindo alimpigia mwanawe, aliyekuwa tayari njiani kwenye lori la kampuni, akiwa amebakiza safari ya siku nzima. Kijana alilia kwenye simu bila kuficha, kisha akauliza nini afanye. “Njoo,” mama yake alimwambia, “na usimwambie dereva akimbize.”

Kitanda kilipita koridoni. Mwalimu alimshika mkono, kwa nguvu iliyomshangaza.

“Wakiuliza wamwokoe nani…”

“Hawataniuliza,” alisema Bi Pindo. “Na wakiniuliza, nitawaambia ukweli kwamba nawataka wote wawili.”

Mlango ukafungwa. Alikaa kwenye benchi lile lile. Hakuwa mtu wa kukaa bila kushika kitu, na mikono ilihangaika mapajani. Aliomba, kisha maneno yakamwishia, ikabaki hofu tupu, na ndani ya hofu, bila kuitafuta, ikaanza kuja shukrani. Ilimjia vibaya, kabla ya wakati wake, kwa mambo ambayo bado hajayapata. Alishukuru kwa kijiti kilichobadilika rangi. Alishukuru kwa mtu fulani, mahali fulani, aliyegundua dawa inayowasha mwili moto na kuzuia degedege. Alishukuru kwamba mkamwana wake alikuwa mwalimu wa hesabu na si wa kitu kingine, kwa maana hesabu ndiyo iliyomshawishi, si machozi ya mama mkwe. Alimshukuru hata yule mteja wa gauni la kijani, kwa aibu, akimwomba radhi katika pumzi ile ile.

Mkunga alitoka saa nne na robo, barakoa imening'inia sikioni.

“Msichana,” alisema. “Kilo moja na gramu mia nane. Amelia mwenyewe. Mama yake yuko hai, damu imepotea kiasi, wanamshona.”

Bi Pindo aliinuka benchini. Aliinama akamshika mkunga miguu, na mkunga akaruka nyuma akisema, “Bibi, Bibi, inuka, hayo mambo siyataki,” huku naye akijifuta macho kwa kiwiko.

Jumapili asubuhi walimwita kwenye chumba cha watoto njiti. Ndani palikuwa na joto kama jikoni. Mtoto alikuwa ndani ya mashine, amevaa kofia kubwa kuliko kichwa chake.

“Mama yake bado yuko kwenye dripu hadi mchana,” mkunga alisema. “Baba yake?”

“Yuko njiani. Lori limeharibika usiku, wamesharekebisha.”

“Huyu anahitaji kifua cha mtu. Ngozi kwa ngozi. Anakua haraka zaidi huko kuliko humu kwenye mashine. Nani?”

Bi Pindo aligeuka nyuma kuona anayeulizwa ni nani. Hapakuwa na mtu.

Walimkalisha kwenye kiti kirefu, akafungua blauzi, akaona haya, haya ikampita. Mkunga alimweka mtoto wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa, shavu limegeuzwa upande, akamfunga kwa kipande cha kitambaa. Hakuwa na uzito wowote. Alikuwa joto tu, na pumzi ndogo za haraka, na moyo unaokimbia. Maisha yake yote ya kazi Bi Pindo alikuwa amewagusa watu, wanene, wembamba, maharusi na wafiwa, na kila mara tepu ilikuwa katikati. Sasa hakupima kitu. Pumzi za mtoto zilianza kwenda taratibu, zikafuata zake, na Bi Pindo akajikuta anapumua kwa uangalifu kama mtu anayeonyesha mwingine njia.

Mchana mkunga aliingia akisukuma kiti cha magurudumu. Mwalimu alikuwa amekaa kwa kuinama upande mmoja, amechoka, midomo imekauka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mtoto. Bi Pindo alianza kufungua kitambaa haraka, lakini Mwalimu alinyanyua kiganja.

“Usimtoe kwanza.”

Alitazama. Alitazama muda mrefu ile kofia, lile sikio dogo, ule mgongo uliokuwa ukipanda na kushuka.

“Mama,” alisema. “Daktari amenieleza yote. Tungesubiri Jumanne, ningekufa?”

Mkunga alikohoa kidogo. Bi Pindo alimtazama mkamwana wake usoni, bila kukwepa.

“Ndiyo, mwanangu. Ungekufa. Na yeye.”

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha machozi yakamshuka, naye akayaacha yashuke. Akanyoosha mikono. Mkunga akamfungua mtoto, na kwa ule muda mfupi alipokuwa hewani kati ya vifua viwili, mtoto alitoa kilio chembamba cha kupinga. Alipofika kwa mama yake alinyamaza. Mwalimu aliinamisha kidevu juu ya kofia, akafumba macho, akasema maneno ambayo hayakuwa ya mtu mwingine yeyote mle ndani.

“Bibi, jifunike,” mkunga alinong'ona. “Utashikwa na baridi.”

“Ngoja kidogo,” alisema Bi Pindo. Alikuwa ameweka kiganja katikati ya kifua, mahali mtoto alipokuwa amelala, na bado palikuwa na joto.